Rangi ya mfupa mkuukuu kwenye vinyago vya mezani: mbona inatoka kama chaki?

Fundi_Brashi: Wakuu, napaka vinyago vidogo vya mchezo wa mezani, viunzi vya mifupa vya kipimo cha milimita 28. Praima (rangi ya msingi) nyeupe, juu yake kahawia iliyozimuliwa kwa maji, mwisho brashi kavu ya nyeupe, yaani brashi yenye rangi kidogo sana ikisuguliwa penye miinuko. Mbavu zina ungaunga, fuvu limebaki na madoa ya duara. Tatizo liko wapi?

Kaki: Nyeupe tupu ndiyo inayoleta chaki. Anza na rangi ya kaki, matabaka mawili mepesi. Kisha kahawia sehemu 1, mediamu isiyong'aa (kioevu cha kuchanganyia rangi, chenyewe hakina rangi) 2, maji 2. Maji peke yake hukokota rangi hadi ukingoni tone linapokauka, ndiyo hayo madoa. Utosini, nyonya ziada kwa brashi safi yenye unyevu ingali mbichi; ikishaanza kukauka usiiguse, utaikwangua.

Meno32: Naongezea: brashi kavu iishie mbavuni. Fuvu lipakwe kwa mkono: kaki na rangi ya pembe za ndovu nusu kwa nusu, halafu pembe tupu kwenye nyusi, mashavu na ncha za meno.

Mchimbuzi: Amua kwanza mfupa ulilala wapi. Wa udongoni huwa kahawia, mwekundu kidogo penye chuma kingi. Zidisha giza kwenye maungio. Wa juani hupauka, kahawia iwe kidogo sana. Uliogusana na shaba hupata kijani, ila kijani kikizidi utaonekana kama umeota ukungu. Vanishi isiyong'aa tu.

Fundi_Brashi: Na kahawia nisubiri muda gani?

Kaki: Mpaka mng'ao wa maji uishe hata ndani ya matundu ya macho. Huko ndiko huchelewa.