Mwogiek aliyeokoka bado ni Mwogiek?

Mwana wa Mau: Kwenye kesi iliyosikilizwa Arusha kuhusu kufukuzwa kwetu Msitu wa Mau, Serikali ya Kenya ilijitetea kwamba sisi Waogiek, watu wa msitu na asali, tumeshakuwa Wakristo, hivyo dini yetu ya msituni haipo tena. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliikataa hoja hiyo. Sisi wenyewe tunasemaje? Mimi naona anayesusia pombe ya asali siku ya posa eti mchungaji kakataza, amesusia ukoo.

Dada wa Njoro: Kaka, umenichoma. Pombe nimeiacha kwa sababu niliona ilivyommaliza baba yangu, hakuna mchungaji aliyenituma. Asali yenyewe naila. Usinipime Uogiek kwa kibuyu.

Mzee Mtarakwa: Pole kwa baba, binti yangu. Ila ile haikuwa ya kulewa. Mzee alimwaga kidogo chini kwanza, akamtaja Tororet, Mungu wetu, na waliotangulia. Babu yangu alikwea mtarakwa na mkoba wa ngozi begani, moshi mkononi, akiongea na nyuki kwa upole mpaka afike mzingani. Hiyo nayo ilikuwa sala.

Mpita Njia: Nyie Wadorobo mnagombania kinywaji huku fidia ya 2017 haijafika. Milioni mia na kitu!

Mwana wa Mau: Futa hilo neno! Ni la Wamaasai, maana yake mtu asiye na ng'ombe, maskini. Tuna jina letu.

Mpita Njia: Mbona marehemu bibi yangu, Mwogiek kabisa, alijiita hivyohivyo?

Mwana wa Mau: Aliitwa hivyo mpaka akazoea. Wewe umesoma, huna sababu. Na hukumu ndiyo ya Mei 2017. Fidia iliamriwa Juni 2022, shilingi 157,850,000.

Mzee Mtarakwa: Hata mimi shuleni niliandikishwa kwa jina hilo. Mwalimu hakuniuliza.

Dada wa Njoro: Mnapigania jina, lugha je? Juzi msibani shangazi alisimama kuomba. Akaanza kwa Kiogiek, akakwama, akamalizia kwa Kikipsigis, lugha ya majirani. Nilikuwa nimemshika mkono. Nilitaka kumsaidia neno lililompotea, nami sikuwa nalo.

Mwana wa Mau: Neno gani, dada?

Dada wa Njoro: La kumuaga marehemu. Mzee, wewe unalijua?