Tupeane uzoefu: programu huria ya kuhesabu wasomaji wa tovuti, iliyowekwa kwenye seva yako mwenyewe

Mpira_Lushi
Bakubwa, jambo yenu. Ninaendesha tovuti ya mpira hapa Lubumbashi, hasa habari za Mazembe na Lupopo. Zamani nilitumia Google Analytics, huduma ya bure ya Google ya kuhesabu wasomaji, kama wengi. Toleo lake la zamani lilipoacha kupokea hesabu mpya tarehe 1 Julai 2023, niliamua takwimu za wasomaji wangu zikae kwangu. Naomba kila mmoja aeleze aliyoyapitia yeye, si aliyoyasoma.

Naanza mimi. Nilichukua Plausible, lile toleo la kujiwekea. Ukurasa mmoja unakuonyesha kila kitu, na skripti yake, yaani kipande cha msimbo kinachowekwa kwenye ukurasa ili kihesabu, ni nyepesi sana, hivyo haimli mega msomaji wa simu. Nilichosahau kupima ni seva. Data inakaa ndani ya hifadhidata inayoitwa ClickHouse, na hiyo inapenda memori: wanashauri angalau giga 2. Yangu ilikuwa na giga 1, na tovuti yenyewe imo humo humo. Siku za kawaida mambo yalienda. Siku ya derbi, goli la kwanza limeingia, watu wakamiminika, memori ikajaa, seva ikaiua hifadhidata ya tovuti ili ipate pa kupumulia. Niko uwanjani, simu mkononi, ukurasa mweupe. Ndugu yangu ananiandikia kutoka Ndola kuuliza kama tumefunga. Niliizima Plausible kwa simu pale pale kwenye ngazi, tovuti ikarudi kipindi cha pili. Programu ni nzuri, naipenda hadi leo. Seva ndiyo haikuiweza.

Duka_Kampemba
Pole sana yaya. Mimi ninauza vipuri vya magari, na hosti yangu ni ile ya bei ndogo ya kushirikiana na wengine. Docker, chombo cha kuendeshea programu kama Plausible kwenye seva, hakuna, huruhusiwi. Kwa hiyo ilibaki Matomo, ile iliyoitwa Piwik hadi 2018: PHP na MySQL basi, unaipakia kama unavyopakia WordPress.

Mwezi wa pili ikaanza kuchoka. Nikifungua ripoti nasubiri hadi chai inapoa, halafu wenye hosti wakaniandikia kwamba nawalemea. Kumbe Matomo ilikuwa inapiga hesabu kila nikifungua ukurasa. Nilizima hesabu ya kwenye brauza, nikaweka kroni, yaani kazi ambayo seva inaifanya yenyewe kwa ratiba, iite core:archive (amri ya Matomo ya kupiga hesabu za ripoti) kila saa, nikaiambia pia ifute data ghafi ya matembezi yaliyopita miezi 6. Ripoti zinabaki. Tangu hapo kimya.

Iliyonilipa kuliko yote ni sehemu inayoonyesha maneno ambayo wageni wanatafuta ndani ya tovuti. Wateja walikuwa wanaandika "amortiseri", na mimi nimeandika "shokapu" kila ukurasa. Wanapata sifuri, wanaondoka. Nimebadilisha maneno, na sasa watu wanapiga simu kwa bidhaa iliyokaa rafuni mwaka mzima.

Mwalimu_Katuba
Aksanti mama, hiyo ya maneno nitaijaribu. Mimi nilikuwa na Umami, programu nyingine ya namna hiyo, kwa tovuti ya masomo yetu. Inatumia Node.js na hifadhidata ya PostgreSQL, haitumii kuki (kile kialama ambacho tovuti inaweka kwenye brauza ili imtambue msomaji akirudi), nami niliitaka hivyo kwa sababu wasomaji wengi ni watoto.

Lakini hesabu ilinishangaza. Siku moja niliwaambia wanafunzi 12 wafungue ukurasa wa mazoezi, wote kwenye wifi moja. Umami ikaonyesha wageni 3. Nilikaa na zile simu moja moja. Bila kuki, programu inamtambua mtu kwa anwani ya IP pamoja na jinsi brauza inavyojitaja. Anwani ilikuwa moja. Na Chrome ya Android siku hizi haitaji tena aina ya simu: Tecno, Itel, Samsung, zote zinajiita "Android 10, K". Zikiwa na toleo moja la Chrome, kwa Umami ni mtu mmoja.

Kwetu jambo hili ni zito, maana hata mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Plausible nayo inahesabu kwa njia inayofanana. Kwa hiyo naangalia kurasa zilizofunguliwa, sisomi tena idadi ya wageni. Matomo kwa kawaida inaweka kuki, ndiyo maana inawatenganisha. Ukiizima kuki, unarudi kwenye tatizo lile lile.

Fundi_Ruashi
Mimi natumia GoAccess. Inasoma moja kwa moja kumbukumbu za Nginx, ile programu ya seva inayotoa kurasa na kuandika kila ombi, haiongezi kitu kwenye ukurasa. Ila roboti ni nyingi: nusu ya mistari yangu ilikuwa inatafuta wp-login.php, ukurasa wa kuingilia wa WordPress, na mimi sina WordPress. Chuja kwanza.

Mpira_Lushi
Mwalimu, umenifungua macho. Mashabiki wangu wanakusanyika kwenye wifi za baa siku ya mechi, nami nilikuwa nawaambia wenye matangazo idadi ya wageni. Kesho nawapigia niwape ya kurasa.

Nimechukua seva ya pili, ndogo, kwa Matomo peke yake; ikianguka, tovuti isianguke nayo. GoAccess inabaki upande wa tovuti. Mama wa Kampemba, swali moja: siku ya derbi, ile kroni niiache kila saa au niisimamishe hadi filimbi ya mwisho?

Duka_Kampemba
Isimamishe. Matembezi yanaandikwa tu, hesabu itayakuta usiku.