Mjadala: Wenye nyumba Nairobi walazimishwe kuwa na bima ya mafuriko?

Mwanzisha mada, South C

Majirani, kila mvua za Machi zinapokaribia swali hili hurudi katika mkutano wa mtaa wetu: je, sheria imlazimishe kila mwenye nyumba kuwa na bima ya mafuriko, kama inavyomlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya gari? Msimamo wangu ni huu. Bima naitaka, ila kabla ya kumlazimisha mtu, aonyeshwe kwanza maji yanapita wapi. Kwa sasa tunauziwa mbuzi kwenye gunia mara mbili: tunaponunua nyumba, na tunapoinunulia bima.

Usiku wa kuamkia 24 Aprili 2024 maji yaliingia kwangu, na hayakupitia mlangoni. Yalipanda kupitia choo cha chini na tundu la bafuni, yakiwa yamechanganyika na majitaka, wakati uani bado pakavu. Kufikia alfajiri yalikuwa karibu na magoti. Nilikuwa na bima kwa sababu benki iliyonikopesha ilidai niwe nayo. Nilipopiga simu ndipo nikaelezwa kwamba bima ile inahusu jengo tu: kuta, paa, milango. Vitanda, friji, nguo na vitabu vya watoto havikuwamo. Kwa miaka yote ile nililipia usalama wa deni, nikidhani nalipia usalama wa nyumba.

Ningejuaje hatari yenyewe? Ukitafuta rekodi ya ploti kwenye ArdhiSasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni, utaona mmiliki ni nani, kama kuna mkopo, kama kuna zuio. Hakuna mstari unaosema maji yalifika wapi. Na bado historia ya mji huu ni ya maji. Wamaasai waliuita mahali pa maji baridi, na reli ilipofika mwaka 1899 ilijenga kambi yake kando ya kinamasi. Huku kwetu ardhi ni tambarare na udongo ni ule mweusi unaonata, ambao ukishashiba maji haunywi tena. Kuna mitaa iliyo juu yetu, na kila uwanja unaowekwa kabro (matofali ya kusakafia) kule hupunguza maji yanayozama ardhini na kuongeza yanayoteremka.

Kuna hesabu moja nataka kila mtu aifanye. Marekani huita eneo la hatari kubwa lile lenye uwezekano wa asilimia 1 wa kufurika kila mwaka. Mtu husikia asilimia 1 akalala usingizi. Lakini ukikaa humo miaka 30, muda wa mkopo mrefu wa nyumba, uwezekano wa kufurika angalau mara moja unafika asilimia 26. Hiyo ni nyumba moja katika kila nne. Kama mtaa wako una uwezekano wa asilimia 10 kwa mwaka, katika miaka kumi tu unafika asilimia 65. Ndiyo maana maneno ya "hapa tangu nihamie sijaona maji" hayana uzito, hasa kama umehamia juzi.

Ajenti wa bima, Buruburu

Mzee wangu wa South C, pole kwa hasara. Ningependa watu waelewe kilichokupata, kwa sababu nakiona kila msimu.

Bima ya moto pekee haina mafuriko mpaka yaongezwe kwa maandishi. Bima kamili ya nyumba kwa kawaida huwa nayo, lakini imegawanywa: jengo upande wake, vyombo vya ndani upande wake, vitu unavyotembea navyo upande wake. Usichokilipia hakimo. Na mpangaji anaweza kuchukua sehemu ya vyombo peke yake, jambo ambalo wengi hawalijui.

Kinachowaliza watu zaidi ni thamani wanayoandika. Tuseme kuijenga upya nyumba yako ni shilingi milioni 10, nawe ukaandika milioni 5 ili ulipe kidogo. Maji yakiliharibu jengo kwa hasara ya milioni 2, hutalipwa 2. Utalipwa milioni 1, kwa kuwa ulijibebea nusu ya hatari mwenyewe. Baada ya hapo linatolewa fungu la kwanza la hasara ambalo mkataba unasema ni lako. Na mwandike gharama ya ujenzi, bila bei ya ploti, maana ardhi haijengwi upya na kampuni haiilipii.

Mimi naunga mkono kulazimisha. Wakinunua wa bondeni tu, ni sawa na chama cha matibabu ambacho wanachama wote ni wagonjwa: hazina inakauka kabla ya mwaka kuisha, na bei inawashinda walewale wanaoihitaji. Uingereza ilianzisha Flood Re mwaka 2016. Kampuni zote za bima ya nyumba huchangia mfuko mmoja, na mwenye nyumba wa bondeni anapata bima kwa bei anayoiweza.

Mkazi wa Mathare

Nasoma hapa nikitafuta tulipo sisi. Usiku huohuo wa Aprili maji yalituchukulia watu. Siku chache baadaye serikali ikaamuru kila aliye ndani ya mita 30 kutoka mtoni ahame, tingatinga zikaja, tukaahidiwa shilingi 10,000 kwa kila nyumba. Sina hatimiliki. Niliyekuwa namlipa kodi hana hatimiliki. Nani ataniandikia bima ya kuta za mabati kwenye ardhi ambayo sheria inasema ni ya mto?

Hata hiyo sheria yenyewe inazungumzia kati ya mita 6 na 30, kufuatana na upana wa mto, kwa hiyo hatua za fundi mwenye utepe ndizo zinazoamua nani anabaki. Na msidhani ni sisi tu. Agosti 2018 jengo la Ukay kule Westlands lilibomolewa kwa sababu hiyohiyo.

Mikopo ya nyumba ni takriban 30,000 Kenya nzima. Mkipitisha sheria yenu kupitia benki, mtakuwa mmewafikia hao. Sisi tuliobaki tutaambiwa hatukuwa na bima, kana kwamba tulikataa.

Mkazi wa Kilimani

Ninakaa ghorofa ya sita. Naonea huruma kila mtu, lakini kwa nini nilipie nyumba ambayo mwenyewe aliichagua bondeni kwa sababu ilikuwa bei nafuu?

Mwanzisha mada, South C

Nianze na wewe wa Kilimani. Gari lako limeegeshwa chini ya jengo, na mashine ya lifti na ya kupandishia maji ziko hukohuko chini. Maji hayana haja ya kufika ghorofa ya sita ili yakuumize. Na yale yaliyonizamisha mimi yalianguka kwenye mapaa ya mitaa ya juu kabla hayajafika kwangu. Kuchangia mfuko mmoja si kunipa sadaka.

Hata hivyo swali lako la kuchagua bondeni lina haki yake, na Waingereza walilikabili. Flood Re haipokei nyumba zilizojengwa tangu 1 Januari 2009, ili mjenzi asijenge kwenye njia ya maji akijua wengine watamlipia. Nasi tungeweka tarehe yetu. Lakini tarehe hiyo haina maana bila ramani ya wazi, ploti kwa ploti, ambayo mnunuzi anaifungua kabla ya kutoa hela.

Ajenti, hoja yako ya chama cha wagonjwa nimeikubali. Dada au ndugu wa Mathare, yako imenikalia vibaya tangu nilipoisoma, kwa sababu nilianza mada hii kwa kusema "wenye nyumba" na sikuwahesabu waliopoteza zaidi yangu. Sheria ya bima inayoanzia kwenye hatimiliki haitakufikia. Kwako fedha za umma ndizo zitangulie, pamoja na mahali pa kuhamia kabla ya tingatinga.

Kwa upande wetu nimependekeza tuchore kwenye kila nguzo ya lango mstari wa mahali maji yalipofika mwaka 2024, pamoja na tarehe.

Jirani, South C

Jirani, mimi nakusihi usifanye hivyo. Nauza nyumba mwezi ujao. Huo mstari utaniondolea wateja wote, na hiyo ndiyo akiba yangu yote ya uzeeni.

Mwanzisha mada, South C

Jirani, nakuelewa, na lango lako sitaligusa. Lakini anayekuja kununua ana watoto wawili, ulituambia mwenyewe. Mwambie kuhusu choo cha chini. Langu nimeshalichora: sentimita 45 kutoka sakafuni, 24 Aprili 2024.