Naomba ushauri: fuwele za polima ndani ya tabaka za nano

Jambo bakubwa. Niko Lubumbashi, naandika memwari ya kemia. Promota alinipa sampuli iliyochorwa kwa leza: miale 2 ikikutana inafanya mistari ya mwanga na giza; penye mwanga resini (kimiminika kinachogandishwa na mwanga) inagumu, na polietileni glikoli (polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, inayoweza kuganda kuwa fuwele) inasukumwa penye giza. Zinabaki tabaka nyembamba ajabu, zinarudisha rangi kama bawa la kipepeo. Humo fuwele za glikoli hiyo zinabanwa, haziwezi kukua kila upande.

Sasa, nitaonyeshaje zimelala upande gani? Labo yetu haina mashine ya eksirei ya kupima mwelekeo wa fuwele (hata umeme ni wa kubahatisha). Nimewaza kupasha hadi karibu nyuzi 60, ziyeyuke, niangalie rangi ikibadilika. Lakini hiyo inaonyesha fuwele zipo tu, si mwelekeo wake. Je, hadubini ya mwanga uliochujwa kwa polaraiza (kichujio kinachopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu) itatosha? Na nipoeze polepole ao haraka?