Tupeane uzoefu: mpelelezi asiyeitaka kesi, wewe ulimkutia wapi?

Kiko Baridi: Tuliokulia kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba tulizoea mpelelezi anayeamka akiwa tayari. Siku hizi nimenogewa na wale wa hadithi za kisayansi, wenye mikosi: mlevi, mke kaondoka, kesi kabebeshwa, na nje mvua haikatiki. Aliyenianza ni Deckard wa filamu ya Blade Runner (1982), anayesaka binadamu wa kutengenezwa awaue. Nilimwona banda umiza nikiwa sekondari. Watu walilalama weee: "Steringi gani huyu, kila mtu anamtwanga?" Na kweli anatwangwa. Leon, mmoja wa anaowasaka, nusura ammalize, anakuja kuokolewa na Rachael. Na kabla ya hapo Zhora, naye wa kutengenezwa, anatimua mbio, jamaa anamlamba risasi za mgongo, mwanamke anaanguka katikati ya vioo. Banda zima kimya. Steringi hapigi mtu mgongoni bwana! Na ukimtazama usoni unaona naye anajua. Hapo ndipo nilinasa. Nyie je?

Mama Wawili: Mimi ni kitabu, The Caves of Steel cha Isaac Asimov, 1954. Elijah Baley ni polisi wa New York iliyofunikwa yote, watu wanaogopa hata kutoka nje penye anga wazi. Anapewa mwenzake roboti, na roho inamdunda: roboti likifumbua kesi, kibarua kinaota nyasi. Baba yake alishashushwa daraja, kwa hiyo umaskini anaujua. Wakati nakisoma nilikuwa nimepanga Manzese, choo kimoja vyumba saba. Kule kwa Baley bafu pia ni la wote, ila wanaume hawasemeshani humo wala kutazamana. Wanawake ndio wanapiga soga. Nilicheka peke yangu. Foleni yetu ya asubuhi ilikuwa hivyo hivyo, taarifa ya habari kamili.

Zamu ya Usiku: Miller, polisi wa tamthilia ya The Expanse. Wakubwa wake kule Ceres, makazi ya watu huko angani, wanamtupia kazi ya kumsaka Julie Mao, binti wa tajiri, arudishwe kwao atake asitake. Wamempa yeye kwa sababu hawamtegemei. Anaanza kwa uvivu, baadaye anaambiwa aache, hasikii tena. Ameshampenda mtu ambaye hajawahi kuonana naye. Nilikuwa naitazama kwenye simu lindoni, msimamizi akanikuta. Nilikatwa mshahara wa siku. Kipande kile nilikirudia nyumbani.

Mbishi wa Kahawa: Mnasifia walevi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alivuta kiko chake, akawaza, kesi kwisha. Mbona hakulialia?

Kiko Baridi: Mbishi, jina langu hili unadhani limetoka wapi? Bwana Msa nampenda. Lakini yeye akimaliza kesi anarudi nyumbani kwake salama. Deckard akimaliza, hana uhakika hata kama yeye mwenyewe ni binadamu.

Mama Wawili: Usiwaharibie ambao hawajaiona!

Zamu ya Usiku: Mwenye Miller kwa kitabu aniambie. Simu sibebi tena lindoni.