Gumzo la Ukoo, Moshi: Jeshi Mitaani na Mashine ya Baraka

Mjomba Elia: Wapendwa, za jioni. Anna, redio imerudia tena habari za wanajeshi kwenye miji ya Marekani. Hapo Los Angeles ilikuwaje?

Anna: Shikamoo mjomba. Ilikuwa Juni 2025. Watu waliandamana kupinga kamatakamata ya wahamiaji. Rais Trump akawachukua Walinzi wa Taifa, jeshi la akiba la jimbo la California, kama 4,000, akawaweka chini yake, kisha akaongeza wanajeshi 700 wa Marines. Gavana Newsom hakuomba, na alipinga waziwazi.

Mjomba Elia: Marahaba mwanangu. Kumbe gavana ana jeshi lake?

Anna: Siku za kawaida liko chini yake, kwa mafuriko au moto wa misitu. Kabla ya hapo, mara ya mwisho rais kuchukua jeshi la jimbo bila gavana kuomba ilikuwa 1965. Rais Johnson alilichukua la Alabama, na wale walikwenda kuwalinda waandamanaji wa Martin Luther King. Ndiyo maana siwezi kusema jeshi likitumwa ni vibaya kila mara. Naangalia limetumwa kumlinda nani, na kama yupo wa kumwambia aliyelituma hapana.

Mama Mkubwa Aika: Alikuwepo?

Anna: Mahakama. Septemba, Jaji Charles Breyer aliamua kwamba kuwapa wanajeshi kazi za polisi kulivunja sheria ya 1878. Serikali ikakata rufaa.

Mama Mkubwa Aika: Mungu awalinde. Mimi nikiona bunduki sokoni Kiboriloni, ndizi naziacha hapohapo.

Baraka: Shikamooni. Dada Anna, hilo la nani anaweza kukataa ndilo lililonisukuma kuihamisha programu ya kahawa. Maandishi yake yote yalikuwa GitHub, tovuti ya kuhifadhia maandishi ya programu, mali ya Microsoft tangu 2018. Mwaka 2019 vikwazo vya Marekani viliwafanya watengeneza programu wa Iran, Syria na Crimea wafungiwe hazina zao za faragha. Hawakuwa wamekosa chochote. Wa Iran walifunguliwa 2021. Karibu mwaka mmoja na nusu, kazi ya mikono yako mwenyewe!

Shangazi Manka: Programu ile ya kuandika kilo za wakulima kwenye chama cha msingi?

Baraka: Hiyohiyo shangazi. Sasa iko kwenye kompyuta ndogo hapa nyumbani Soweto, Moshi, naisimamia kwa Forgejo, programu ya bure inayofanya kazi kama ya GitHub. Na mnakumbuka Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima. Kitu kikiwa ndani ya nyumba, ruta inatosha. Laptopu inaongea na mashine moja kwa moja, intaneti iwepo isiwepo.

Mama Mkubwa Aika: Na mwizi akiingia? Hao wakubwa wana walinzi, wewe una mbwa mmoja.

Baraka: Hapo umesema kweli mama, na hilo ndilo lililonipa kazi kuliko kuihamisha. Bahati nzuri natumia Git, programu ya kutunza kila badiliko la maandishi, aliyoitengeneza Linus Torvalds 2005. Kila anayechukua nakala anapata historia nzima, tangu mstari wa kwanza. Kwa hiyo nakala moja iko kwa Neema, Njiro, Arusha, na nyingine kwenye diski ninayoifungia kabatini. Hata GitHub sijafuta, wa nje waendelee kuiona. Ila ile ninayofanyia kazi iko kwangu.

Neema: Yangu inajisasisha kila usiku kaka, nimeangalia asubuhi. Ila zile kumbukumbu za malipo ya wakulima zifunge kwa nywila kabla hujazituma huku. Hizo ni siri za watu.

Baraka: Sawa, nazifunga leo kabla sijalala.

Shangazi Manka: Afadhali. Jina la babu yenu limo humo na deni lake la pembejeo.

Mjomba Elia: Na umeme ukikatika?

Baraka: Inazima mjomba. Natafuta betri.

Mjomba Elia: Ninayo moja ya sola hapa Kibosho, bado nzima. Njoo Jumamosi uichukue, na uje na kamba, ni nzito.