Tupeane uzoefu: risiva na spika zilizokosana nguvu

Mpenda Besi, Bamburi
Jirani yangu kanunua risiva ya mtumba, ule mtambo wa kuendesha spika; nyuma imeandikwa wati 100 kwa chaneli, yaani kila upande, ohm 6 hadi 16, yaani ukinzani wa spika inaoukubali. Spika anazotaka kuifungia ni za ile homu thieta yake iliyokufa. Nikageuza moja nisome kibandiko: ohm 3. Nimemwambia asiwashe kwanza. Yeye ashikilia kuwa spika ni spika, muhimu waya ufike. Wenzangu mlioyaona haya, tupeane uzoefu nimsomee.

Dada wa Tudor
Umemwambia vyema. Kaka yangu alifungiwa vivyo hivyo na fundi. Sauti ya chini tamu kabisa, lakini filamu ikifika pahala pa milipuko risiva yalia "tik", yaandika PROTECT, kimya. Kila mara.

Fundi Kisauni
Bahati yake ina ulinzi. Ohm zikipungua nusu, volti zile zile zasukuma mkondo maradufu, na transista, vile vipande vya ndani vinavyosukuma umeme kwa spika, ndizo zinazobeba joto hilo. Homu thieta nyingi za sanduku moja spika zake ni ohm 3 au 4 kwa sababu ampu yake, ile sehemu inayokuza sauti, iliundwa kwa hizo. Ukizihamisha, soma kwanza ohm nyuma ya risiva, wati baadaye.

Kijana wa Magongo
Ohm sawa, lakini kinachounguza spika ni ampu kubwa. Spika wati 60, ampu wati 60, basi. Mengine ni maneno ya wauzaji.

Fundi Kisauni
Hapo sikubaliani nawe, ndugu yangu. Spika nyingi ninazofungua hapa zimekufa twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, na zilikuwa kwenye ampu ndogo. Ampu ndogo ikikamuliwa kupita uwezo, wimbi lakatwa kichwa juu na chini. Kule kukatwa kwazaa sauti nyembamba ambazo hazimo kwenye muziki, na zote zaelekea kwa twita, ambayo koili yake, waya uliozungushwa, ni nyembamba kama unywele. Spika ya wati 60 i salama zaidi kwa ampu ya 100 inayolia safi kuliko ya 30 inayokoroma.

Kijana wa Magongo
Na mtoto akizungusha volyumu mpaka mwisho kwenye hiyo ya 100?

Fundi Kisauni
Itaungua pia. Ingia kwenye menyu uweke kikomo cha sauti, risiva nyingi zinacho.

Shangazi wa Majengo
Mmenikumbusha kesha la harusi ya binti ya kaka yangu. Kijana wa muziki alikuja na risiva ya nyumbani, si ampu ya shughuli. Spika zake mbili za ohm 8, akaazima na mbili za mjomba, ohm 8 pia, spika za mbao ambazo mjomba hazigusishi hata vumbi. Akaunga mbili mbili kwenye kila upande. Ndugu yangu mdogo akamwuliza, mbili za 8 kwa pamoja si zashuka kuwa ohm 4? Akajibiwa, "Tulia, hii ni kazi yangu."

Wanawake wamejaa, leso zimefungwa, watu wataka taarabu isikike mpaka barabarani. Sauti ikaanza kupasuka, ile ya kukwaruza. Badala ya kushusha, akapandisha. Na ile risiva alikuwa kaifunika kitambaa juu, pale pale kwenye matundu ya kutolea joto! Twita zikaenda kwanza, maneno ya mwimbaji yakawa kama yatoka chini ya godoro. Kisha harufu. Nikadhani chetezo cha udi kimeunguza busati. Kumbe moshi watoka kwenye spika ya mjomba, na bibi harusi ndiyo kwanza yuashuka ngazi.

Kimya. Yeye kasimama katikati ya ngazi, hajui ashuke au arudi. Bibi mmoja akavuta ngoma, akapiga, wakaitikia kwa vigelegele, akaingizwa kwa ngoma.

Kesho yake ndugu yangu akafungua ile spika kwa bisibisi. Koili nyeusi tititi, imevimba, imeng'ang'ania sumaku haisogei. Kijana akasema spika zilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Dada wa Tudor
Subhanallah! Nani kalipa?

Mkaazi wa Likoni
Na mjomba alisemaje? Hebu endelea shangazi.

Shangazi wa Majengo
Hakuna aliyelipa. Mjomba hakusema kitu pale harusini, na mpaka leo huyo kijana hamsalimii.

Kijana wa Magongo
Haki ya mjomba ilipwe. Aliyeunganisha ndiye aliyeunguza.

Mpenda Besi, Bamburi
Shangazi, pole sana. Jamani na wati je? Jirani pia kaona sanduku limeandikwa PMPO 5000.

Mwalimu, Changamwe
Hiyo PMPO 5000 isahau, ni wati za matangazo tu. Tazama nyuma palipoandikwa kiasi cha stima kinacholiwa. Mtambo unaokula wati 80 hauwezi kutoa 5000. Tafuta RMS, wati za kweli za kudumu, na uone kama imepimwa chaneli mbili zikilia au moja tu. Wati zikiongezwa mara mbili, mwapata desibeli 3 tu zaidi, hata sikio halishtuki. Sebule ya kawaida na spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja, wati 20 safi zatosha.

Mkaazi wa Likoni
Wati 20? Besi itagonga wapi? Mie nasema nunua kubwa kabisa uicheze nusu.

Mwalimu, Changamwe
Besi mpe sabufa, spika ya besi pekee, yenye ampu yake. Kata kwenye 80 Hz, sauti za chini ya hapo ziende kwa sabufa, spika ndogo zipumue.

Dada wa Tudor
Nanyi mlio karibu na bahari, tazameni ncha za waya. Kwa chumvi yetu hii shaba yageuka kijani. Kateni, menyeni upya, na msiache uzi mmoja ukagusa tundu la pili.

Mkaazi wa Likoni
Na risiva iliyotoka Marekani yataka volti 120. Kwa 240 zetu, bila transfoma ya kuzishusha itaungua, hufiki hata kwenye ohm.

Mpenda Besi, Bamburi
Nimemsomea yote. Sasa kaleta spika nyingine, kibandiko kimebanduka. Nimepima kwa mita, yasoma 6.2. Ni ohm 6?

Fundi Kisauni
Yaelekea ni ya 8. Mita husoma chini kidogo ya namba ya kibandiko. Ya ohm 4 ingesoma kama 3 na kitu. Zima risiva, funga nyekundu kwa nyekundu, anza na volyumu chini, na baada ya nusu saa weka mkono juu ya risiva. Ikiwa mkono haukai, zima.